Jina la Mose Limerudi Manga

Asubuhi ile kompyuta ya ofisi ya Keroka ilimkataa Loice, fundi wa mitambo wa ushirika wa chai. Aliandika jina lake taratibu, herufi kwa herufi. Mtumiaji huyu hayupo. Chini yake, kwenye orodha ya waliomo kazini, lilikuwapo jina la Mose, mumewe.

Mose alikuwa amezikwa mwaka uliopita, kando ya migomba ya baba yake. Radi ilimpiga akichomoa waya wa seva, mashine ya kumbukumbu ya ofisi ya Manga, ili isiungue.

Loice alimpigia Bravin, mwenzake wa ofisi ya Kisii.

"Mama Lavender, usishtuke," Bravin alisema. "Ni mimi niliyeiwasha ile seva ya Manga Ijumaa. Bosi alitaka faili za zamani."

"Ilikuwa imezimwa tangu msiba, Bravin. Tulikubaliana isiguswe."

"Najua. Nisamehe."

Wote wawili walijua kilichotokea. Ofisi tatu, seva tatu, na kila moja huziambia nyingine nani yupo na nani ameondoka. Mtu akifutwa, alama ya kufutwa kwake hukaa miezi kadhaa ili habari ifike kote, kisha nayo hufutika. Seva ya Manga ililala kupita muda huo. Haikupata habari ya msiba. Ilipoamka iliwaambia wenzake kwamba Mose yupo, nao wakaamini.

"Hiyo inaeleza kurudi kwake," Loice alisema. "Na mimi, nani amenifuta?"

Bravin alifungua kumbukumbu za seva. Aliposoma, alisoma kwa kunong'ona. "Imeandikwa ni Mose. Akiwa Manga."

Loice alirudi Kisii. Ochoki, mlinzi wa lango, humtania kila siku: madam, Keroka wamekunyima hata ndizi moja ya kuniletea? Leo alisimama katikati ya njia.

"Umekuja kumwona nani, mama?"

"Ochoki, wacha mchezo."

"Wageni wanaandika jina hapa," alisema kwa adabu, na machoni mwake hamkuwa na mzaha.

Loice aligeuka langoni. Keroka ilikuwa imemsahau, Kisii ilianza kumsahau, na nyumbani Sironga kulikuwa na Lavender, bintiye wa pekee. Alichukua bodaboda hadi Manga.

Mvua ya alasiri ilimkuta mlangoni. Ofisi ilikuwa tupu; tangu msiba, karani hukimbia wingu la kwanza likitanda. Chumba cha seva kilinukia nywele zilizoungua na udongo mbichi, na taa ndogo za kijani zilipepesa gizani, na kadiri alivyozisogelea ndivyo mvumo wa mashine ulivyopungua ukawa pumzi, pumzi ya mtu aliyepanda mlima, pumzi aliyoilalia kifuani miaka kumi na miwili, mpaka mkono wake uliposhika waya na pumzi ikasimama.

"Usichomoe," Mose alisema.

Loice hakugeuka. "Umenifuta."

"Nilikuwa nakutafuta nikuite. Mkono uliteleza."

"Seva huuliza mara mbili, Mose. Huuliza kama una hakika."

Ngurumo ilipita juu ya bati. Kisha sauti ikaja karibu, laini, ile ya siku za uchumba. "Huku ni giza, Loice. Hakuna anayeniita. Niache mpaka kesho, nimwone mtoto mara moja tu. Kesho njoo, uchomoe kwa mkono wako. Nimewahi kukudanganya?"

Alitafuta uongo mmoja katika ndoa yao yote, hakuupata. Alijua mashine ilivyouliza mara mbili. Alijua ilijibiwa ndiyo, na ndiyo. Hata hivyo alikuwa amelia mwaka mzima akiomba asikie sauti hiyo, na sasa ilikuwa ikimwomba yeye.

Aliuachilia waya.

"Asante," Mose alisema, na neno hilo lilitoka haraka mno, kama la mtu aliyekwisha kugeuka kuondoka.

Loice alitoka barazani. Mlango ulijifunga nyuma yake. Alijaribu ufunguo wake, ufunguo wa siku zote, haukuzunguka. Alisukuma kwa bega, akapiga kwa ngumi, na ndani mashine iliendelea kuvuma, tulivu, ikizisimulia nyingine habari zake. Alitoa simu kwa vidole vilivyolowa, akapiga nyumbani.

"Haloo," Lavender alisema.

"Mtoto wangu, ni mama. Funga mlango. Usimfungulie mtu yeyote."

Kijiko kiligonga sahani. Kisha sauti ya mtoto, ikigeukia pembeni: "Baba, kuna mtu anasema ni mama."

"Kata simu, mama," Mose alimwambia bintiye, taratibu, mdomoni mna chakula. "Amekosea namba."