Aliyeitikia Wimbo wa Baba

Farirai aliacha mapengo kwa mazoea tu. Alikuwa ameketi jikoni kwa mama yake, mchana wa jua kali, buyu kubwa mapajani na mbira ndani yake, kinanda cha vyuma kinachopigwa kwa gumba, akipiga wimbo wa nyumbani kwao kujiliwaza. Wimbo ule ulitaka watu wawili. Yeye alikuwa mwanzishaji. Baba yake, Mzee Gwatidzo, alikuwa mwitikiaji, na milio yake iliingia katikati ya milio ya mwanawe mpaka usijue nani kapiga upi. Mzee alizikwa baada ya mavuno na mwaka ulikuwa haujatimia. Wimbo ukabaki na mashimo, na Farirai hakuwa na ubavu wa kuyaziba.

Siku hiyo mashimo yalizibwa.

Mwanzoni alidhani ni vizibo vya soda vilivyofungwa kwenye buyu. Lakini vizibo hutetema tu, haviimbi. Aliinua vidole. Mlio mmoja ulisikika baada ya yeye kuacha, kisha kimya.

Mkewe, Netsai, alikuwa amesimama mlangoni na beseni la mboga.

"Nani anakuitikia, Moyo?" aliuliza.

"Na wewe umesikia?"

"Mimi si kiziwi. Nauliza ni nani."

Moyo ndilo jina la ukoo wao. Pale kijijini kwao Murewa mke hamwiti mumewe jina alilopewa na wazazi, ni kukosa adabu. Humwita kwa ukoo, baba na mwana wote jina moja.

Kabla Farirai hajajibu, mama yake aliingia mbio kutoka nyuma ya nyumba alikokuwa akimenya karanga, maganda yakimdondoka kwenye nguo. Alipiga magoti akakunja viganja na kupiga makofi taratibu, kama mke anayempokea mume kutoka safari.

"Moyo," alisema, machozi yakimtiririka. "Umerudi. Karibu ndani, hapa ni kwako."

Akachota ugoro kidogo, akauweka kwenye jukwaa la vyungu, mahali pa wazee waliotangulia.

Farirai alijua kwamba haifanywi hivyo. Marehemu harudishwi nyumbani na mjane mmoja mwenye maganda ya karanga mapajani. Husubiriwa mwaka, pombe ikapikwa, wazee wa ukoo wakaenda kaburini kumchukua, wakimtaja kwa majina yake yote ili asije akafuatana na mwingine. Kabla ya hapo yuko nje, msafiri kama wasafiri wengine. Yote hayo Farirai aliyajua, na hakumzuia. Alikuwa amemkosa baba yake kiasi kwamba angepokea chochote.

Jioni hiyo jiko lilianza kunuka majivu yaliyomwagiwa maji.

Siku za mwanzo walifurahi, tusidanganyane. Mama, aliyekuwa amekonda kwa msiba, alikula sadza, ugali wa kwao, akaongeza. Kila alasiri Farirai alipiga na kila alasiri aliitikiwa, na mama alikaa kwenye mkeka amefumba macho, anatabasamu kama msichana. Farirai ndiye aliyeanza kukosa raha, na haikumchukua muda kujua kwa nini.

Mzee Gwatidzo alikatwa ncha ya gumba la kushoto na mkanda wa mashine ya kusaga mahindi, zamani sana, na tangu hapo mlio mmoja mzito wa chini ulikuwa ukimchelewa. Kila wimbo ulipozunguka, ulichelewa kidogo, kama mtu anayechechemea. Nyumba ile iliishi kwa kuchelewa kule. Farirai alipougua surua utotoni alilala akiusubiri. Netsai, bibi harusi mgeni asiyejua aweke wapi macho, aliusikia mara ya kwanza akashindwa kuzuia kicheko, mzee naye akacheka, na kuanzia hapo akawa mtoto wa nyumba. Mama alimenya karanga kwa kuufuata: ganda, ganda, ngoja, ganda.

"Huyu hachelewi," Farirai alimnong'oneza mkewe kisimani.

"Labda huko aliko kidole kimepona."

"Netsai."

"Nafanya mzaha nisije nikalia." Alitazama nyuma, upande wa nyumba. "Jana nilikuita uje ule. Nilisema, Moyo, chakula tayari. Wewe ulikuwa bado hujarudi shambani. Jikoni ukalia mlio mmoja. Nikasema labda panya. Nikaita tena, ukalia tena. Tangu hapo sikuiti. Hujaona kwamba sikuiti?"

Alikuwa ameona. Alidhani amemkasirisha.

Usiku huo, wakila, Farirai alimwuliza mama yake habari aliyoijua kwa moyo tangu utotoni, ya siku baba alipokwenda kumposa na viatu vya kuazima vilivyolia njia nzima.

"Viatu gani?" Mama alicheka. "Alikuja na punda watatu. Mvua ilikuwa imemnyeshea, anatetemeka, anaomba pa kulala. Nyumba kwa nyumba wakamfungia milango. Wote, mwanangu. Akarudi mtoni."

"Mto gani, mama?"

"Si ule aliofia."

"Baba alifia hospitali. Mimi na wewe tulimshika mkono."

Mama alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto anayeweweseka kwa homa. Netsai aliacha kutafuna. Baba hakuwahi kumiliki punda hata mmoja.

Ndipo Farirai alipoelewa kinacholiwa mle ndani. Kila alasiri wimbo ulipopigwa, mama alipoteza kipande kimoja cha mumewe, na mahali pake pakaingia kipande cha mtu mwingine, mtu aliyekufa ugenini bila wa kumzika. Aliifunga mbira kwenye blanketi akaitia sandukuni na kupiga kufuli. Lakini alasiri ilipofika, wimbo ulianza wenyewe jikoni, uanzishaji na uitikiaji pamoja, laini, bila kosa, na mama akaacha kazi aliyokuwa nayo akaenda kukaa mkekani, na ile harufu ya majivu mabichi ikatoka mlangoni ikatambaa uani mpaka kwenye nguo zilizoanikwa, na Farirai akiwa ameziba masikio alijaribu kuuimba wimbo kama baba alivyoupiga, akaujaribu tena na tena kwa midomo mikavu, na kila alipofika kwenye mlio ule wa kuchelewa ulimi wake uliuwahisha, kana kwamba mtu alikuwa akimsahihisha kwa upole kutoka ndani ya koo lake mwenyewe.

Aliogopa. Aliogopa kuliko siku ya mazishi.

Walimwita mganga, mwanamke wa makamo aliyeitwa Mama Mandizha. Alifika asubuhi, akafika mlangoni pa jiko, akakataa kuvuka kizingiti. Alikaa chini hapo hapo nje na kupiga makofi ya heshima.

"Mgeni wetu," alisema, "tuambie unatoka wapi."

Mama yake Farirai alikuwa ndani, anamenya karanga. Hakuinua uso. Sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa nzito, ya mwanamume, na haikuwa na hasira.

"Mimi ni Moyo. Sikutoka popote. Hapa ni kwangu."

Mama Mandizha alishusha mikono. Aliwageukia Farirai na Netsai, akasema kwa sauti ya chini, "Nani alimpa jina?"

Netsai alielekeza kidevu kwa mama, mle ndani.

"Mmenitia mashakani, wanangu. Asiye na jina namtoa kabla chai haijapoa. Huyu amepewa ukoo, amepewa ugoro, ameambiwa hapa ni kwake. Nitamfukuza kwa jina gani? Nikisema Moyo toka, na huyu mumeo atatoka, na mzee aliye huko nje ndiyo hataingia milele."

"Hakuna njia?" Netsai aliuliza.

"Aliyemkaribisha ndiye wa kumkana. Mama yenu aseme kwa kinywa chake, wewe si mume wangu. Lakini hawezi kusema hivyo mpaka amkumbuke mumewe."

"Asipomkumbuka?"

Mama Mandizha alianza kukusanya vitu vyake. "Basi msipike ile pombe ya kumrudisha mzee. Atarudi aingie wapi?"

Farirai alifungua sanduku. Alilifunga gumba lake la kushoto kwa kitambaa, akakaza mpaka likafa ganzi, ili lisiweze kuwahi hata likitaka. Akaketi mbele ya mama yake, na kwa mara ya kwanza maishani hakuanzisha. Alipiga sehemu ya baba. Jasho lilimtoka, gumba likababaika, na mlio wa chini ukaja umechelewa, unachechemea, na katika mzunguko uliofuata ukachelewa tena, na mikono ya mama ikasimama juu ya karanga, ikangoja. Netsai alijiziba mdomo.

"Mama," Farirai alinong'ona. "Huyu ni nani?"

Mama alikunja uso. Alisikiliza mzunguko mwingine, midomo yake ikicheza. Kisha alinyoosha mkono akamgusa kidole kile kilichofungwa, kwa upendo.

"Unachelewa, mwanangu," alisema. "Baba yako hakuwahi kuchelewa hata mara moja."

Mikono ya Farirai iliacha kupiga, na huko nje, karibu na uzio, mlio mmoja mzito ukasikika. Umechelewa.

Alitoka mbio. Uani hapakuwa na mtu. Pale penye mwanya wa kuingilia, mahali msafiri husimama akiomba ruhusa, palisikika makofi ya viganja bapa, makofi ya kiume, taratibu, ya mtu anayebisha hodi kwake mwenyewe na hataki kuingia kabla hajaitwa. Farirai alitaka kumwita baba yake. "Baba" si jina, na majina mengine ya marehemu hutajwa na wazee wa ukoo tu; kwake la kumwita lilikuwa moja.

"Moyo," aliita. "Moyo, ingia."

"Naam, mwanangu," kikaitika kinywa cha mama yake jikoni. "Nimo ndani."

Kwenye uzio makofi yalikoma.