Faulo ya Tano

Walikutana wakigombea kiatu. Siku hiyo ya punguzo duka lilifurika watu, na jozi ya mwisho ya raba kubwa ilishikwa na mikono miwili: mmoja wa kijana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi ikapigika, mwingine wa msichana aliyempita urefu kwa kichwa kizima.

"Dada, hivi ni vya kiume."

"Na huu mguu ni wa mjomba wako?"

Kijana akacheka, akaachia. Alishamtambua. Nani asiyemjua Mlingoti, mfungaji hatari wa timu ya kikapu ya chuo, ambaye kila Jumamosi aliwafundisha mabinti wa mtaani kwake kwenye uwanja wa saruji nyuma ya soko? Kijana mwenyewe alikuwa refa wa ligi hiyo ya kikapu. Wakapeana namba, na simu hazikukoma.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Filimbi yako imelala?"

"Imelala, inakuota wewe."

Wakakubaliana jambo la kijinga: wasimwambie mtu. Chama cha kikapu kingejua, refa asingepangiwa tena mechi za chuo kile, na Mlingoti alipenda kumwona pale katikati ya uwanja.

Ikafika nusu fainali, mwaka wake wa mwisho chuoni. Zilibaki sekunde chache, timu yake ikiongoza kwa pointi moja. Mpinzani akaruka kufunga. Mlingoti naye akaruka, akaupangua mpira, mpira tu. Filimbi ya mpenzi wake ikalia. Ilikuwa faulo yake ya tano, na ya tano ni kutolewa nje. Akiwa benchi, alimwangalia mpinzani akitumbukiza mitupo yote miwili ya adhabu. Wakafungwa.

Usiku akapiga simu kwa hasira.

"Nilimgusa yule?"

"Umekula, laazizi?"

"Nakuuliza wewe! Nilimgusa?"

"Hapana. Kipenzi, watu jukwaani walishaanza kunong'ona. Niliona nisipopiga watasema nakubeba."

"Kwa hiyo umenitosa mimi ili wewe uonekane msafi! Usinipigie tena, umenisikia?"

Jumamosi mabinti walikiona cha moto. Aliwakimbiza bila huruma mpaka mdogo wao mmoja, akihema, akauliza, "Kocha, sisi tumekukosea nini?"

Mlingoti akainama kuokota mpira. Alipogeuka, refa alikuwa amesimama langoni.

"Nimewaambia chama kila kitu," alisema. "Kwamba tunapendana, na kwamba faulo ile niliitunga. Wamenifungia msimu mzima."

"Mechi itarudiwa?"

"Hapana."

"Sasa umeniletea nini?"

"Sina kitu. Nimekuja unitukane uso kwa uso."

Akamtukana. Alimwita mwoga, mnafiki, mtumwa wa midomo ya watu. Mabinti walikaa chini wakasikiliza, midomo wazi.

"Umemaliza?" refa akauliza.

"Sijamaliza!"

"Basi nikuoe, umalizie nyumbani."

Mabinti wakapiga kelele. Kicheko kilimbana Mlingoti, na hilo likamkasirisha zaidi.

"Nitaolewa na wewe," alisema, machozi yakimtoka. "Lakini faulo ile sikusamehi."

"Usinisamehe."

"Ilikuwa mechi yangu ya mwisho."

"Najua."

"Hujui!"

Akamkwida shati kwa mikono miwili, akainama, akaegemeza kichwa begani kwake, akalia kwa hasira, na hakumwachia.