Aliyesukuma Oveni

Mimi wananiita Winchi, na sikuokota jina. Shule niliiacha mapema, lakini nionyeshe msomi aliyewahi kupandisha jokofu la bucha kwenye ngazi ya kujikunja. Hayupo. Sasa tulia, hili sijamwambia mtu.

Ilikuwa oveni ya mikate. Upana, sentimita tisini na mbili. Mlango wa mama mwokaji, themanini. Jua lilikuwa linazama.

"Mwanangu, ng'oa dirisha," alisema. "Mlango usiuguse. Marehemu mume wangu aliufunga kwa dawa. Kuna mtu hatutaki aingie."

"Ondoa shaka, mama."

Akaenda kumchukua binti yake kwa jirani. Dirisha lile ni kazi ya mpaka kesho, na mimi nilishajigamba mtaa mzima kwamba giza halitanikuta. Nikachomeka mtaimbo mlangoni. Fremu ikaachia... kraaa!

Kutoka juu yake likadondoka fundo la kitambaa cheusi, dogo kama yai, limeshonwa kwa nywele. Lilinuka udongo uliolowa. Nikalitupa kwenye boksi la spana.

"Winchi, tulirudishe," binamu yangu Kifimbo akanong'ona.

"Mwoga wewe! Nenda nyuma ukasukume."

Nikaingia ndani, nikavuta. Kilo mia nne. Ikaja nyepesi kama kiti cha plastiki!

"Kumbe unazo, Kifimbo! Leo umekula nini?"

Pumzi tu, nyuma ya chuma... nzito... karibu.

Halafu sauti ya Kifimbo, kutoka barabarani:

"Winchi, ngoja! Bado nashusha mabomba ya kuviringishia!"

Pumzi zikakata.

Nikaigongomea fremu palepale. Nikapaka saruji mbichi kuzunguka dirisha, nisishikwe. Mama akarudi, akaligusa lile dirisha, akanishukuru.

Akanishukuru!

Siku ya tatu alikuja kwangu, macho mekundu.

"Mlango hukuugusa?"

"Haki ya nani tena, mama, sikuugusa."

"Basi mwanangu anaongea na nani nyuma ya oveni? Hali, hatoki pale. Anasema yupo na mjomba... yule aliyekusaidia kusukuma."

Nikamsindikiza hadi barabarani.

Alipoondoka nikakimbilia boksi la spana, nilirudishe lile fundo. Nimelivuta kwa mkono mmoja. Nimelivuta kwa miwili, mguu ukutani.

Halinyanyuki.