Saa ya Chakula ya Mama Pasi

Mama Pasi alinyoosha mashuka ya hospitali. Mashine ya kunyooshea ilikuwa ndefu kama kitanda, na ikishawaka haiachwi peke yake. Basi mchana alikula amesimama, mkono mmoja kwenye shuka, mwingine kwenye mkate.

Saa ile ya chakula hakulipwa. Hakulalamika.

"Si nimekula?" alisema. "Aliyekula amepumzika."

Nyumbani kwao, nyuma tu ya ukuta wa hospitali, mume wake alikuwa amelala mgonjwa. Kila asubuhi alimuuliza, "Mchana utapita kuniona?"

"Nitaiachia nani mashine, baba watoto? Jioni."

"Kumbe tumekuoa wawili, mimi na mashine!" Walicheka mpaka mume akakohoa.

Jioni moja alimkuta amefariki, mwili umeshapoa. Chai ya mchana ilikuwa bado imejaa chupani.

Baada ya mazishi, jirani yake alikuja kukaa naye mkekani. Alikuwa mama wa chama cha wafanyakazi.

"Sikumuaga, dada," Mama Pasi alilia. "Nilikuwa kazini, nakula."

"Ungeweza kutoka?"

"Nitokeje? Msimamizi amekataza. Mashuka yangeungua."

"Basi hukupumzika, mdogo wangu. Saa ya kupumzika ni yako. Unaketi, unalala, unakwenda kwako. Ukiambiwa ulinde mashine, hiyo ni kazi, hata kama unatafuna. Na kazi inalipwa."

Mama Pasi aliuliza polepole, "Kwa hiyo ningeweza kuja kumwona?"

Jirani alimshika mkono.

Wiki iliyofuata walikwenda kwa msimamizi, pamoja na wapiga pasi wote.

"Lakini si mnakula!" msimamizi alishangaa.

"Tunatafuna, bosi," alisema Mama Pasi. "Hatupumziki."

Chama kilisimama nao. Haikuwa rahisi, lakini mwishowe walilipwa saa zao za nyuma. Siku hizi wanapokezana mashine. Zamu yako ya kula ikifika, unatoka.

Mwenzao mmoja ana mtoto mchanga. Mchana hukimbia nyumbani kunyonyesha, akarudi anacheka, blauzi imelowa maziwa. Mama Pasi humtazama, akamshukuru Mungu.

Naye hutoka. Hufungua mlango wa nyumba yake, akaketi kando ya kitanda kitupu, akamega mkate.

"Nimepita, baba watoto," husema.

Husali kidogo. Kisha hufunga mlango, akarudi kazini.