Ile ya Taveta

Mwisho wa Machi 1974 posta ya Voi haikuwa na pa kukanyaga. Khaemba, fundi wa karakana ya reli, alifika dirisha la simu akiwa na grisi mpaka masikioni. Nyuma ya dirisha alikaa Wakesho, gauni la maua ya njano, na sauti ambayo watu walipiga simu ili kuisikia tu.

"Dada, niunganishie ile mtu ya Taveta. Nashon."

Wakesho akacheka. "Ile mtu? Hata mama yako unamwita 'ile'?"

"Hata wewe nitakuita hivyo, ukinikubali."

Alimkubali. Nani angemkataa mwanamume anayefungua injini huku akiimba? Lakini Pasaka, gari lake, Kotina, lilipopanda mlima wa Wundanyi kwa baba yake Wakesho, gurudumu moja la nyuma lilizunguka bure topeni, lingine likasimama tu, gari likarudi mpaka mtaroni. Mzee Mwandawiro alicheka, kisha akasema atampa nafasi moja zaidi ya kuleta posa: Jumapili ijayo.

Alhamisi Khaemba akampigia Nashon. Wakesho aliunganisha na, Mungu amsamehe, akasikiliza.

"Nashon, ile ya zamani nimechoka nayo, inateleza ovyo. Lakini hii yako ya Taveta, mama! Ikishika, imeshika. Leo naingiza ndani."

Wakesho akachomoa waya, machozi yakamtoka mbele ya foleni nzima.

Jioni hiyo Khaemba aliinua Kotina juu ya magogo, akachomoa shafti zote mbili, akatoa difu ya zamani, ile mashine ya gia inayogawia magurudumu ya nyuma nguvu, katikati ya ekseli, akaweka mpya polepole kama anayelaza mtoto. Ilikuwa kazi ya kupendeza macho. Kesho yake akampigia mpenzi wake.

"Kaa na hiyo yako ya Taveta!" Simu ikakatwa.

Jumapili mvua ilimwagika. Wakesho, jikoni kwao Wundanyi, alisikia injini ikipanda mlima bila kusita. Magurudumu yote mawili yaling'ata tope, Kotina ikaingia uani, Khaemba akashuka na suti ya kijivu. Wakesho alichungulia ndani ya gari.

"Yuko wapi huyo wa Taveta?"

"Nani? Difu? Iko chini hapa!" Khaemba akapiga magoti topeni, suti na yote, akaonyesha. "Nashon alitoa kwa gari ya mashindano. Inasukuma gurudumu zote mbili. Nimeweka nifike kwako, mpenzi."

"Difu!" Wakesho akacheka huku analia. "Nimelilia difu!"

Mzee alikuwa amesimama mlangoni. "Umefika, kijana. Sema kilichokuleta."

"Mzee, nimekuja kuomba hii..." Khaemba akasita, bado amepiga magoti, akamtazama Wakesho. "Huyu. Nimekuja kuomba huyu."

Wakesho akamshika mkono uliojaa tope. "Niite ile," akanong'ona. "Nimeshazoea."