Wariara Akataa Kutia Kidole

Wariara na mumewe Mbugua, wakazi wa Subukia, hawakuwa na ng'ombe. Kila asubuhi Wariara aliwakatia majirani majani ya mifugo, naye akapewa kikombe cha maziwa. Mwaka huo alikuwa amepata mtamba wa kununua. Mwenye mtamba alimwambia waziwazi: "Mama, nakungoja mpaka mwezi uishe. Ukiisha, nampeleka sokoni."

Tegemeo la Wariara lilikuwa ujira wa kuchuma kahawa kwa Mzee Karanja. Mzee huyo alikuwa na shamba kubwa, tena alikuwa mzee wa kanisa. Jumapili moja, baada ya ibada, alisimama uwanjani mwa kanisa akatangaza: "Nataka wachumaji. Debe ni shilingi mia." Hakuna aliyeuliza zaidi. Nani angemhoji mzee wa kanisa akiwa bado ameshika Biblia?

Kazi ikaisha. Siku ya malipo wachumaji walipiga foleni mbele ya ghala. Karanja alikaa mezani na karatasi, noti na wino.

"Bei ya kahawa imeanguka," alisema. "Debe ni sabini. Tia kidole hapa kwamba umelipwa yote, uchukue pesa zako."

Watu walitazama chini. Mmoja mmoja wakatia kidole. Chemutai, rafiki wa Wariara, naye akatia, akaondoka bila kugeuka. Zamu ya Wariara ikafika. Alinyoosha mkono, akausimamisha juu ya wino.

"Mzee, ulisema mia."

"Nilisema wapi? Una karatasi?"

"Sina."

"Basi tia kidole, Mama. Unachelewesha wenzako."

Nyuma yake mtu alinong'ona, "Huyu anataka kushindana na mzee wa kanisa." Wengine wakacheka kidogo. Wariara akaurudisha mkono ndani ya leso.

"Sitii."

"Basi nenda hivyo hivyo," Karanja akasema, akafunika wino. "Na msimu ujao usinikanyagie shamba."

Nyumbani Mbugua alikuwa amekwisha kusikia. Hasira ilimjaa.

"Umetuaibisha. Jumapili tutakaa wapi kanisani?"

"Tutakaa pale pale. Si mimi niliyevunja ahadi."

"Na mtamba je? Sasa huna mia, huna sabini."

Wariara alijifunga leso, akatoka. Alikwenda kwa jirani yao, Zeddy, ambaye zamani alikuwa mwakilishi wa wafanyakazi katika shamba la maua. Zeddy alikuwa akimenya viazi. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ulifanya vyema kukataa kukiri uongo," alisema. "Lakini ungeweza kuchukua zile sabini, mradi useme umepokea sehemu tu. Usitie kidole kwa pesa ambayo hujapokea."

"Anasema sina karatasi."

"Mapatano ya mdomo pia ni mapatano, Mama. Kinachotakiwa ni ushahidi. Nenda ofisi ya leba, ile ya haki za wafanyakazi, huko Nakuru. Kusikilizwa ni bure. Kwanza tafuta mtu aliyemsikia Karanja akiahidi."

Jioni hiyo Wariara alibisha kwa Chemutai.

"Mimi nimeshatia kidole," Chemutai alisema, amesimama mlangoni. "Nikikufuata, huyo mzee hataniita kazini tena. Watoto watakula nini?"

"Msimu ujao atakulipa hamsini. Hapo watakula nini?"

Chemutai akafunga mlango.

Asubuhi Wariara alisimama kituoni peke yake. Gari lilikaribia kujaa. Alipoinua mguu kupanda, alisikia mtu akimwita.

"Nisogezee nafasi," Chemutai akasema, huku akihema. "Usiniulize kitu."

Afisa wa leba aliwasikiliza wote wawili. Aliwaeleza kwamba kidole hakifuti haki ya mtu iwapo hakulipwa kama walivyopatana. Kisha akamwita Karanja. Siku ya kikao, Mbugua naye alikuja, akaketi kando ya mkewe.

"Mimi sikuahidi mia," Karanja akasema.

"Tangazo ulilitolea wapi?" afisa akamuuliza.

Karanja akajibu: "Kanisani."

"Mbele ya nani?"

"Ya washiriki."

"Basi mashahidi wako wengi. Niwaite waje hapa waseme walichosikia?"

Mbugua alikohoa, akasema kwa sauti ndogo, "Mzee, hata mimi nilikuwepo. Nilisikia mia."

Karanja alivua kofia, akaiweka magotini. Aliwaza uwanja ule ule, watu wale wale, na jina lake. "Nitawalipa," akasema. "Wote."

Akalipa, mbele ya afisa. Waliotia kidole wakaongezewa kilichopungua. Kabla mwezi haujaisha, mtamba alifungwa nyuma ya nyumba ya Wariara, naye Wariara akaanza kukata majani ya ng'ombe wake mwenyewe.

Msimu uliofuata, Karanja alisimama tena uwanjani baada ya ibada.

"Nataka wachumaji," alisema.

Mbugua aliinua mkono kabla ya mtu yeyote.

"Mzee, kwa heshima. Debe moja ni pesa ngapi, na tutalipwa siku gani? Chemutai anaandika, nawe utatia sahihi."

Safari hii hakuna aliyecheka. Wote walimgeukia Karanja, wakangoja ajibu.