Kawa la Sharifah

Soko la Koboko halina adabu. Pikipiki zinapenya katikati ya mafungu ya mihogo, wachuuzi wa Kongo wanashindana kwa sauti na wateja wa kutoka Yei, na ukisimama kufikiri unakanyagwa. Hapo ndipo Ruqaiya, msusi wa makawa kutoka Arua, alipokuwa ametandika bidhaa zake, amevaa gauni la zambarau na mtandio wa njano uliomkaa vizuri, na mwenyewe alijua. Akatokea kijana mwenye vumbi la saruji hadi kwenye nyusi. Akachukua kawa, akaligeuza, akatia kidole ndani.

"Hiyo iko ya kufunika chakula," Ruqaiya alimwambia. "Haina homa ya kupima."

"Nisamehe, dada. Naangalia mashimo tu."

"Kawa yangu haina mashimo."

"Iko nayo, madogo. Samaki mtoto anaweza kulala hapa."

Ruqaiya alikuwa amejiandaa kukasirika, akajikuta anacheka. Kijana alijitambulisha: Muzamili, fundi wa saruji kutoka Lurujo. Alisema kulikuwa na kijiji cha pwani, kusini ya Mombasa, ambako uvuvi wa baruti ulikuwa umeua matumbawe na samaki wakahama. Sasa wanakijiji walizamisha sanamu za saruji na kufungia juu yake vipande vya matumbawe hai, vikue. Samaki walikuwa wameanza kurudi, na wageni walilipia mashua kwenda kutazama. Muzamili aliwatumia picha za matofali yake yenye nakshi ya maua, wakamwita kwa miezi mitatu.

"Bahari umeona?"

"Bado."

"Kuogelea unajua?"

"Nitajua huko huko."

Mtu wa namna hiyo ama unamkimbia ama unampa namba ya simu. Ruqaiya alimpa namba. Simu zikawa za kila siku, kisha Jumapili Muzamili akaanza kuja Arua na shati jeupe lililopigwa pasi, na bibi yake Ruqaiya, Haboba Hadijah, akaanza kuuliza kama yule wa saruji leo anakula hapa.

Ndani ya nyumba hiyo, ukutani, lilitundikwa kawa moja ambalo halikuuzwa. Lilikuwa la ukindu mwekundu na mweusi, na ndani limeshonewa kitambaa. Marehemu mama yake Ruqaiya, Sharifah, alilisuka mwaka wa mwisho wa uhai wake, Ruqaiya akiwa na miaka tisa. Kila aliyeliona alisifu nyota iliyokaza katikati. Ruqaiya alikuwa amejaribu kuisuka miaka kumi na tano, na kila mara nyota yake ililegea. Muzamili aliomba kuliazima wiki moja, apate kuiga vipimo vyake kwa sanamu ya saruji. Ruqaiya alisita, kisha akalishusha, kwa sababu alikuwa amempenda.

Wiki ikapita, na Muzamili akasafiri kwenda pwani bila kulirudisha.

"Kawa iko wapi?" Ruqaiya aliuliza kwa simu.

"Iko ndani ya sanduku, habiba. Iko salama."

Aliuliza mara tatu, akajibiwa hivyo hivyo mara tatu. Kisha asubuhi moja, akinywa chai, alifungua picha ambazo kikundi cha pwani kiliweka mtandaoni. Sanamu zilikuwa zinateremshwa majini kwa kamba. Moja ilikuwa kawa kubwa la saruji, na katikati yake, umenaswa ndani ya saruji, ulionekana ukindu mwekundu na mweusi. Chai ilimwagika kwenye gauni lake na hakuifuta. Akapiga simu.

"Muzamili. Kawa ya mama yangu iko wapi?"

Upande wa pili ikasikika sauti ndogo ndani ya upepo. "Nilipaka mafuta, Ruqaiya. Nilifikiri saruji itaachia, vile inaachia mbao. Ikashika."

"Lini?"

"Kabla sijatoka Koboko. Nilikuja na hicho kipande huku, nikakitia katikati ya ile kubwa."

"Na sanduku?"

"Hakuna sanduku."

"Kwetu, bibi harusi anapeleka chakula ya kwanza kwa mama mkwe, na kawa ya mama yake juu. Mimi nilikuwa na hiyo moja tu. Ulijua?"

"Hapana. Mimi mutu ya Lurujo, kwetu tunafunika na sahani. Lakini uongo nilijua ni uongo."

Ruqaiya alikata simu na kufunga namba yake. Alilia siku mbili, akiwa na hasira kwamba bado alimkumbuka. Haboba Hadijah alimwachia uji mlangoni. "Kawa ni ukindu, mjukuu," alisema. "Yule mutu alidanganya wewe. Lilia hiyo."

Miezi miwili baadaye Muzamili alisimama mbele ya kibanda cha Ruqaiya sokoni Arua, pua imebabuka kwa jua, gunia begani. Hakutoa salamu ndefu. Alitoa kwenye gunia kipande cha saruji, mviringo, kipana kama sinia, akakiweka mezani.

"Sikuja na maneno," alisema. "Nilijifunza kuzama. Ukindu ulioza kwenye maji, saruji ikabaki na alama yote. Nikashuka na udongo, nikakandamiza pale katikati, halafu huku juu nikatoa hii ya saruji kwa alama ya udongo. Ile siku ya kumwaga saruji nilitoa kile kitambaa cha ndani, ichukue alama vizuri. Hii ndiyo iko chini ya kitambaa."

Ruqaiya hakutaka kutazama, ila vidole vilitangulia. Kila uzi ulikuwepo. Akafuata nyota hadi pale inapoanzia, mahali ambapo hakuna aliyewahi kupaona isipokuwa mama yake, akahesabu, akarudia kuhesabu. Nyuzi zilikuwa tano. Yeye miaka yote alianza na nne.

"Ile kawa ya baharini iko na matumbawe ishirini sasa," Muzamili aliongeza polepole. "Kina mama wa kule ndio wanapeleka wageni. Niliwaambia jina la mama yako. Wanasema, twende kwa Sharifah."

Machozi yalimtoka Ruqaiya hapo hapo, mbele ya wateja. "Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Acha hiyo kitu hapa. Wewe nenda."

Akaenda. Ruqaiya akafunga kibanda mapema, akaloweka ukindu. Alisuka wiki tano, akifumua na kurudia, kipande cha saruji kikiwa mapajani, na Haboba akipita akijifanya haoni. Nyota ilipokaza, aliibonyeza kwa kidole gumba, haikulegea. Alikaa nayo kitambo, akimwaza mama yake na yule mwanamume aliyejitosa baharini hajui kuogelea. Kisha akafungua namba aliyokuwa ameifunga.

"Ruqaiya?" Sauti ya Muzamili ilikuwa haiamini.

"Ijumaa mama yako anapika nini?"

"Mama? Sijui. Maharage, labda."

"Mwambie asipike."

Ruqaiya akasikia kuku wa Lurujo wakilia kwenye simu.

"Na ile sahani yenu ya kufunika," akamwambia, "mwambie aiweke mbali."